Maji ya Rejeta Hayaliwi na Injini

Injini hunywa mafuta, na ikizeeka hula na oili. Maji ya rejeta haiyali. Yamo ndani ya mfumo uliofungwa: yanatoka kwenye injini yakiwa moto, yanapita kwenye rejeta, yanapoa, yanarudi. Kila kitu kikiwa kizima, yatazunguka hivyo mwaka mzima bila wewe kuongeza hata kikombe. Kwa hiyo dereva anayekwambia kwamba gari lake "hunywa maji kidogo" amekwambia kwamba lina tundu mahali, na kwamba ameamua kuishi nalo.

Madereva wa namna hiyo ni wengi mno mitaani kwetu. Pita Barabara ya Juja alfajiri, kuanzia Pangani hadi Huruma, au ingia Mathare North ambako magari hulala nje ya ploti. Utawaona na majerikani yao, boneti zimeinuliwa, wanamimina. Kisha gari linakwenda kukaa kwenye msongamano wa Thika Road na jioni linarudi na kiu ile ile. Wengine wana matatu, wengine Probox za kubebea mboga kutoka sokoni, wengine gari la familia linalotoka Jumapili tu. Siku hedi, kile kichwa cha injini, inapopinda, lawama humwendea fundi, au Mjapani aliyeliunda gari.

Ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote hapa chini yanatokana nao: usiongeze maji kabla hujauliza yaliyotoka yameenda wapi.

Kuna jambo la Nairobi ambalo dereva wa Mombasa hana haja kubwa ya kulijua. Maji hayachemki kwa joto lile lile kila mahali. Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwenye nyuzi 100. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na maji ya sufuria yako ya ugali hutokota kwenye nyuzi 94 au 95. Ukipanda Limuru yanatokota mapema zaidi. Sasa itazame injini. Thamostati ya magari mengi hufunguka kati ya nyuzi 80 na 90, na feni ya umeme huanza kuzunguka mahali fulani kati ya 90 na 100. Maana yake ni kwamba katika jiji hili joto la kawaida la injini isiyo na ubovu wowote linakaribia kabisa joto la maji kuchemka. Maji ya rejeta yangekuwa wazi kama ya sufuria, magari yote yangekuwa yakifuka mvuke kila jioni pale Pangani.

Kinachozuia hilo ni kifuniko cha rejeta. Wengi hudhani ni kizibo tu cha kuzuia maji yasimwagike, na kikipotea hutafuta chochote kinachoingia, hata cha gari lingine. Ndani ya kifuniko hicho mna springi na vali mbili. Springi huyabana maji yakae chini ya presha, na maji yenye presha huchelewa kuchemka. Tazama juu yake: kwa magari mengi ya Kijapani pameandikwa 0.9 au 1.1. Hicho ndicho kiasi cha presha ambacho kifuniko hukishikilia kabla ya kuachia. Kifuniko cha 1.1 kikiwa kizima, maji matupu hapa Nairobi hayachemki mpaka karibu nyuzi 118, na yakiwa nusu kulanti, ile dawa ya rangi ya rejeta, yanapita 120. Mpira wake ukikakamaa au springi ikilegea, umerudi kwenye sufuria ya ugali, na nyuzi 94 zinakungoja kwenye taa nyekundu.

Vali ya pili ni ile ndogo ya katikati. Injini ikipata moto, maji hupanuka na ziada husukumwa kwenda kwenye mtungi wa akiba, ule wa plastiki wa pembeni. Injini ikipoa, rejeta huyavuta yale maji yarudi, na yanapita kwenye vali hiyo. Ikiganda, maji hutoka na hayarudi. Hapo ndipo panapozaliwa ule ujanja unaoua injini nyingi: mtungi umejaa hadi alama ya FULL, rejeta ni tupu. Dereva anachungulia mtungi, anaridhika, anaondoka. Hata ule mshale wa joto kwenye dashibodi unaweza kumdanganya, kwa kuwa kipimo chake kimetengenezwa kukaa ndani ya maji. Kikibaki kwenye hewa, mshale unaweza kutulia chini huku hedi inaungua.

Basi kagua mahali pawili, asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Mtungi uwe kati ya alama ya chini na ya juu. Kisha fungua kifuniko cha rejeta uone maji yamefika mdomoni. (Magari mengi ya Ulaya hayana kifuniko kwenye rejeta, mtungi wenyewe ndio wenye presha na kifuniko kiko juu yake. Hapo unakagua mahali pamoja tu.) Ukiona rejeta imepungua na mtungi haujashuka, shuku kifuniko, pamoja na ule mpira mwembamba unaoviunganisha viwili hivi. Nunua kifuniko kipya chenye nambari ile ile. Usiongeze nambari kwa kufikiri unaboresha. Presha ikizidi, mpira uliochoka ndio utakaopasuka.

Kifuniko kikiwa kizima na maji bado yanapungua, anza kutafuta tundu. Hapa mitaani kuna tatizo la wazi: gari linalala juu ya udongo, au kando ya mtaro, na tone lililoanguka usiku halionekani asubuhi. Chukua katoni, ifungue iwe bapa, isukume chini ya injini jioni na uipigie alama upande ulio mbele. Asubuhi itakuonyesha tone limetoka upande gani. Maji safi yaliyo chini ya mlango wa abiria baada ya kutumia kipoza hewa si kitu, yaache. Majimaji ya rangi, yanayoteleza kidogo mkononi, ndiyo unayoyatafuta.

Kisha fuata alama. Kulanti ikivuja na kukauka huacha ukoko wa rangi yake, wa waridi au kijani. Maji matupu huacha kutu na chokaa. Tazama mipira miwili mikubwa ya rejeta, wa juu na wa chini, hasa pale inapobanwa na klipu. Ibonye injini ikiwa baridi. Mpira uliokuwa laini kama ute umekwisha, na uliokauka ukawa na nyufa umekwisha vilevile. Tazama pale kichwa cha plastiki cha rejeta kinapokutana na alumini, kwa sababu rejeta za siku hizi hazitengenezwi kwa shaba zikachomelewa kama zamani: plastiki hubanwa tu juu ya alumini na mpira mwembamba katikati, na baada ya miaka kadhaa ya joto plastiki hupasuka. Wapo wanaopaka gundi hapo. Gundi itakufikisha gereji, haitakufikisha Nakuru.

Pampu ya maji ina kijitundu kidogo kwa chini kilichowekwa na kiwanda makusudi. Sili ya ndani ikichoka, maji hutokea hapo. Kuna mafundi wanaokiziba. Ukiziba kijitundu hicho maji yataingia kwenye beringi, pampu itakwama, na kwa magari ambayo pampu huzungushwa na mkanda wa taimingi, injini nzima inaweza kwenda nayo. Pampu inayotoka maji hubadilishwa, haizibwi.

Na ikiwa nje pote ni pakavu? Zulia la mbele likiwa na unyevu, kioo kikapata ukungu wa mafuta-mafuta na ndani kukanukia utamu-utamu, kirejeta kidogo cha hita kinavuja. Kwenye Nairobi ambayo wengi hawawashi hita ila Julai, hilo hukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Likibaki la mwisho, ni gasketi ya hedi, na hapo usijidanganye. Dalili zake zinajulikana: moshi mweupe mzito wenye utamu usioisha hata injini ikishapata moto, oili iliyogeuka rangi ya maziwa kwenye kijiti au chini ya kifuniko cha oili, mpira wa juu kuwa mgumu kama jiwe dakika chache tu baada ya kuwasha, na mapovu yanayopanda bila kukoma kwenye mdomo wa rejeta. Zote si lazima zije pamoja. Mwombe fundi apime kwa ile dawa ya buluu inayowekwa mdomoni mwa rejeta, ambayo hugeuka njano ikikutana na hewa ya mwako kutoka injini ya petroli. Na kwa tundu la nje lisiloonekana kuna pampu ya mkono yenye geji. Hufungwa mahali pa kifuniko, mfumo unajazwa presha injini ikiwa baridi, na tundu linajitangaza lenyewe. Fundi mwenye vifaa hivi viwili pale Kariobangi Light Industries ana thamani kuliko kumi wanaosikiliza injini kwa sikio na kuanza kufungua nati.

Hedi ikishafunguliwa, dai ipimwe unyoofu na ikwanguliwe ikiwa imepinda. Kubadilisha gasketi juu ya hedi iliyopinda ni kulipa mara mbili.

Kwa sababu tumewataja mafundi, niseme hili ambalo wengi wao hawatalipenda. Desturi ya kutoa thamostati na kuitupa, kwa hoja kwamba "Afrika hakuna baridi", imeharibu injini nyingi katika jiji hili. Thamostati haikuwekwa kwa ajili ya barafu ya Japani peke yake. Kazi yake ni kuifikisha injini haraka kwenye joto lake la kazi na kuishikilia hapo. Ukiitoa, kompyuta ya gari huamini injini ni baridi na huendelea kumimina petroli nyingi. Oili haifikii joto la kukausha unyevu wake. Silinda husagika upesi. Zaidi ya hayo, kwenye injini nyingi thamostati ndiyo pia inayofunga njia ya mkato ya maji. Ikitolewa, njia hiyo hubaki wazi, sehemu ya maji moto hurudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililotolewa thamostati ili lisichemke linachemka nalo barabarani likipanda mlima. Feni nayo huunganishwa moja kwa moja kwenye swichi ili izunguke muda wote. Hiyo ni kuificha sensa mbovu. Feni itaungua kabla ya wakati, na siku itakapoungua hutajua mpaka uone mvuke.

Sasa kulanti yenyewe. Ilibuniwa kwa nchi za baridi kali, ambako maji ya rejeta yakiganda hupanuka na kupasua injini. Mchanganyiko wa nusu maji na nusu kulanti huzuia kuganda mpaka nyuzi 37 chini ya sifuri, jambo lisilomhusu mtu wa Huruma hata asubuhi ya Julai. Ndiyo maana wengi huiona anasa. Yanayotuhusu ni mengine mawili. La kwanza ni hilo la kuchelewesha kuchemka, ambalo katika mwinuko wetu si dogo. La pili ni kubwa zaidi: ndani ya kulanti mna dawa za kuzuia kutu. Injini ya leo ina hedi ya alumini, bloku ya chuma au alumini, rejeta ya alumini, na pampu yenye sili laini. Maji matupu yenye hewa na joto huvila vitu hivi polepole. Ule uchafu wa rangi ya matofali unaouona ukifungua rejeta ya matatu iliyochoka ni chuma cha injini yenyewe.

Tufanye hesabu kidogo, maana hapa ndipo jerikani ya asubuhi inapofanya uharibifu wake kimyakimya. Gari dogo la cc 1500 hubeba karibu lita 5 kwenye mfumo mzima. Tuseme limeanza na kulanti asilimia 50. Limepoteza lita moja, umerudisha lita moja ya maji: umebaki na asilimia 40. Rudia: 32. Rudia tena: 26. Chini ya 30 dawa za kutu hazitoshi tena, na umefika hapo kwa kuongeza mara tatu tu. Upande wa pili nao una mpaka. Kujaza kulanti tupu isiyochanganywa na maji ni kosa, kwa kuwa kulanti peke yake hubeba joto vibaya kuliko maji. Ukipita asilimia 60 au 70 unaanza kupoteza.

Ipi ununue? Usiulize rangi kwanza. Rangi hutiwa na kiwanda kama alama, na hakuna sheria ya dunia inayosema kijani cha huyu ni sawa na kijani cha yule. Kuna kulanti za zamani zenye silikati, mara nyingi za kijani, zinazochoka kwa miaka miwili hivi. Kuna za asidi ogani zinazodumu miaka mitano au zaidi. Wajapani hupendelea asidi ogani pamoja na fosfati na hukwepa silikati, kwa kuhofia sili za pampu. Wazungu wa Ulaya walizikwepa fosfati kwa sababu maji yao mengi yana chokaa na fosfati huganda nayo. Kwa hiyo chupa nzuri ya gari la Mjerumani si lazima iwe nzuri kwa Toyota, hata ikiwa ghali mara tatu.

Mathare na Eastlands kwa jumla hutembelea magari ya Kijapani yaliyotumika, na kwa hayo mambo si magumu. Toyota ina ile nyekundu ya zamani, ambayo huuzwa nzito na lazima uichanganye na maji, na ile ya waridi ya maisha marefu, ambayo huja imekwisha kuchanganywa nusu kwa nusu. Ya waridi hubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000, halafu kila 80,000. Usiiongezee maji unapojaza; imetengenezwa imiminwe kama ilivyo. Honda hutumia ya buluu. Nissan ilikuwa ya kijani, baadaye ikaja ya buluu. Usichukue kwa mazoea: soma kitabu cha gari au maandishi ya kwenye kifuniko na mtungi, kisha tafuta chupa iliyoandikwa kwamba inafaa magari ya Kijapani au Kiasia. Na usome kama ni tayari kutumiwa au ni ya kuchanganywa, kwa sababu vyombo hufanana na bei hutofautiana kwa sababu hiyo.

Kuchanganya aina mbili ndilo kosa la kawaida zaidi. Wakati mwingine hutengeneza tope zito linaloziba rejeta na hita. Mara nyingi halitoi dalili yoyote: dawa za huyu huua za yule, na unabaki na maji ya rangi. Usipojua kilichomo ndani, na unahitaji kuongeza kidogo tu, maji safi yaliyotoneshwa ni salama kuliko kulanti ya kubahatisha. Kisha ukipata nafasi, mwaga yote, jaza maji, washa injini mpaka thamostati ifunguke, mwaga tena, rudia mpaka yatoke meupe, ndipo uanze upya na aina moja. Gari lililoingia karibuni kutoka Japani lifanyie hivyo mapema. Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka 8, lakini kulanti yake inaweza kuwa na umri huo huo.

Kuhusu maji ya kuchanganyia: maji ya kisima kirefu ni mabaya, yana madini mengi. Ya mfereji wa jiji ni afadhali, ila yana klorini. Ya zile mashine za kadi zilizowekwa Mathare mwaka 2015 yalikuja kumpunguzia mama gharama ya mtungi wa lita 20, na kwa kazi hiyo yalikuwa mema. Rejeta yako inahitaji yaliyotoneshwa. Hayo ndiyo maji ya betri yanayouzwa vituo vya petroli. Soma chupa mara mbili, kwa maana asidi ya betri huuzwa kwenye chupa inayofanana nayo, na ukiimimina kwenye rejeta hakuna fundi wa kukusaidia.

Bandia zipo. Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, utapata kulanti halisi na utapata maji yaliyotiwa rangi, wakati mwingine kwenye duka moja. Tafuta alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na sili isiyoguswa. Ukiwa na shaka, weka tone moja juu ya kipande cha bati juani, na tone la maji kando yake. Maji yatakauka, kulanti yenye glaikoli itabaki inateleza kwa muda mrefu. Usiionje kamwe, na sababu inakuja.

Namna ya kujaza. Injini iwe baridi. Si vuguvugu, baridi. Legesha kifuniko kwa kitambaa, sukuma chini, zungusha polepole. Mimina taratibu ili hewa itoke. Washa injini, weka hita kwenye joto la mwisho, acha ingurume huku ukibonyabonya mpira wa juu, ongeza kila yanaposhuka, mpaka feni iwake na kuzima walau mara mbili. Hewa iliyonaswa ndani husababisha joto kupanda tena kesho yake na watu husema gasketi. Ardhi yetu inasaidia hapa: egesha pua ikitazama juu kwenye mojawapo ya njia zinazopanda kutoka mtoni kuelekea Juja Road, breki ya mkono imekazwa na mawe nyuma ya magurudumu. Mdomo wa rejeta ukiwa juu kuliko injini, hewa hupata njia.

Gari likichemka barabarani, zima kipoza hewa, washa hita na feni yake hadi mwisho, fungua madirisha, uvumilie jasho. Hita ni rejeta ya pili. Mshale usiposhuka, toka barabarani uzime. Usimwage maji baridi juu ya injini, hedi itapasuka. Usifungue kifuniko. Maji yaliyo ndani yamepita nyuzi 100 na ni presha tu inayoyazuia. Ukiiondoa yanalipuka kuwa mvuke usoni mwako. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka uweze kuushika mpira wa juu na kuubonya. Wenye HiAce, ambazo injini zake ziko chini ya viti vya mbele, washusheni abiria kabla hamjainua kiti. Mtu akiungua, ni maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno wala unga wala mafuta, kisha hospitali. Utasikia habari za yai bichi au bizari ndani ya rejeta kuziba tundu. Huziba kweli, pamoja na mirija mingine yote.

Lililobaki ni la nyumbani, nami naliona kubwa kuliko hedi yoyote. Kulanti nyingi ni ethilini glaikoli, ambayo ni sumu, na ladha yake ni tamu. Ina rangi ya sharubati. Na mitaani kwetu ile inayobaki humiminwa kwenye chupa ya soda ya nusu lita na kuwekwa chini ya kitanda, ndani ya chumba kimoja chenye watoto watatu. Karibu mililita 100 za kulanti nzito zinaweza kumuua mtu mzima. Mtoto, funda chache. Aliyekunywa huanza kupepesuka na kusema ovyo kama mlevi, na hapo ndipo hatari ya Mathare ilipo: mtu mzima anayepepesuka huachwa alale, watu wakidhani ni chang'aa. Saa zinazofuata sumu inageukia moyo na figo. Usimtapishe. Mkimbize hospitali kubwa, Kenyatta ikiwezekana, nenda na chupa, na utamke neno kulanti kabla ya salamu. Ipo dawa ya kuizuia, lakini hufaa ikitolewa mapema.

Kwa hiyo kulanti ikae kwenye chombo chake cha asili, kifuniko kimefungwa, juu ambako mtoto hafiki. Uliyoimwaga usiiache kwenye beseni uani, mbwa na kuku watainywa, na usiielekeze kwenye mtaro, kwa kuwa mitaro yetu inaishia Mto Mathare, na kuna watu chini wanaoyatumia maji hayo kwa mboga. Ipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu na umwombe mwenyewe aiweke kando.

Ikiwa wiki hii una pesa ya kitu kimoja tu, nunua kifuniko kipya cha rejeta chenye nambari sahihi. Ya pili, mipira na klipu. Ya tatu, kulanti, na si kabla ya tundu kuzibwa, maana kuimimina kwenye gari linalovuja ni kuimwaga Juja Road. Na fundi akikwambia uendelee tu kuongeza maji, tafuta fundi mwingine.